Gari la Umeme kwa Dilivari: Punguzo la Ushuru Ni Tamu, Lakini Kilomita Zako Ndizo Zinaamua

"Admin, kuna Nissan Leaf nimeiona kwa yadi. Broka ananiambia serikali imeshusha ushuru wa magari ya umeme na nitasahau petroli kabisa. Pesa ya Sacco inatoka mwezi huu. Nichukue?"

Swali kama hili linarudi hapa kila mara, na jibu la "chukua" au "wacha" ni rahisi kulitoa kama pesa si yako. Ukweli ni kwamba kuna muuzaji ambaye gari hilo litamwinua. Kuna mwingine ambaye litamla polepole mpaka auze stoki ili alipe mkopo. Na wote wawili wanaweza kununua gari lile lile, yadi ile ile, bei ile ile.

Kinachowatofautisha ni kilomita wanazotembea kwa siku.

Leo tunapiga hesabu yote, ya Kenya, ya mtu anayeuza WhatsApp, Instagram au TikTok na kupeleka mzigo mwenyewe. Fungua kikokotoo kwa simu twende pamoja.

1. SERIKALI INAKUPA NINI HASA?

Tuanze na ushuru, maana ndio broka hutanguliza.

Gari likishuka Mombasa, KRA haitozi kitu kimoja. Kuna ushuru wa forodha, kuna eksaizi, kuna VAT ya asilimia 16, halafu kuna ada ya IDF na tozo ya reli. Kwa magari, punguzo la umeme ambalo watu wanaliongelea liko kwenye eksaizi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019, gari linalotumia umeme peke yake linatozwa eksaizi ya asilimia 10. Gari la petroli lenye injini isiyozidi cc 1500 linatozwa asilimia 20, na likizidi hapo ni asilimia 25 kwenda juu.

Angalia hayo maneno "umeme peke yake". Haibridi inayoweka petroli haimo. Mtu akikuuzia haibridi kwa jina la "gari la umeme lenye punguzo", huyo anakupima akili.

Sasa tuweke kwa shilingi. Kwa kila milioni 1 ya thamani inayotozwa eksaizi, gari dogo la petroli linalipa 200,000 na la umeme linalipa 100,000. Umeokoa 100,000. Na kwa sababu VAT inahesabiwa baada ya eksaizi kuongezwa, unaokoa tena 16,000. Jumla ni 116,000.

Si pesa kidogo. Lakini kuna mambo manne ya kujua kabla hujaanza kuzitumia kichwani.

La kwanza: asilimia ndogo haimaanishi shilingi chache. KRA haiangalii bei uliyolipa Japani. Inachukua bei ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yake inayoitwa CRSP, halafu inapunguza kulingana na umri. Gari la umeme likiwa jipya huwa ghali kuliko la petroli la ukubwa ule ule. Chukua mfano: la petroli lina thamani ya 700,000 baada ya ushuru wa forodha, na la umeme lina 1,200,000. Eksaizi ya petroli ni 140,000, ya umeme ni 120,000. Ukiongeza VAT, la petroli limelipa 274,400 na la umeme 331,200. Umepewa nusu ya kiwango na bado umelipa zaidi! Kwa hivyo usiulize "asilimia ngapi?" Uliza "jumla ni shilingi ngapi mpaka linatoka bandarini?"

La pili: ukinunua gari ambalo limeshatembea hapa Kenya, hakuna punguzo linalokuja kwako. Punguzo lilishapatikana na yule aliyeliagiza. Wewe unanunua bei ya soko tu.

La tatu: wengi wetu tuko kwenye TOT, ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo kwa biashara ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hiyo inatozwa kwa mauzo yote. Huwezi kutoa gharama ya gari wala uchakavu wake. Ukisikia mtu anasema "gari litakupunguzia kodi", muulize kama anaongea juu ya mtu wa TOT au kampuni. Na hata kama umeandikishwa kwa VAT, VAT uliyolipia gari la abiria huwezi kuidai. Leaf ni gari la abiria hata ukijaza masanduku mpaka dirishani.

La nne: punguzo ni sheria, na sheria hubadilika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuondoa unafuu wa VAT kwa pikipiki na mabasi ya umeme. Uliishia njiani kwa sababu ya maandamano ya vijana ya Juni mwaka huo, Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Si Kenya peke yake. Ndugu zetu walioko Marekani walikuwa wakipata unafuu wa kodi wa hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme, na ukaisha kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Video za YouTube zinazosifu unafuu ule bado ziko na watu wanaziangalia. Usipange biashara yako ya Rongai kwa kodi ya California.

Kwa hivyo punguzo la ushuru linakuja mara moja, siku ya kununua. Baada ya hapo uko peke yako na gharama za kila siku. Tuende huko.

2. STIMA: PUNGUZO LINGINE AMBALO WACHACHE WANALIJUA

Mwaka 2023 EPRA ilipitisha bei maalum ya stima ya kuchajia magari na pikipiki. Bei ya msingi ni shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku wakati watu wengi wamelala. Juu yake kuna tozo na VAT kama kawaida ya bili ya Kenya Power, lakini hata hivyo ni nafuu.

Shida iko kwenye masharti. Bei hiyo iliwekwa kwa mtu anayetumia yuniti 200 hadi 15,000 kwa mwezi za kuchaji. Ukichaji kidogo, hauko kwenye kundi hilo. Unabaki na tokeni yako ya nyumbani.

Na hapo kwa tokeni kuna mtego mwingine. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi 3. Ukiwa chini ya yuniti 30 kwa mwezi uko bei ya chini kabisa. Kati ya 30 na 100 uko bei ya katikati. Ukipita 100 unapanda bei ya juu, na bei hiyo inahesabu yuniti zote, hata za friji na taa. Sasa fikiria nyumba inayotumia yuniti 60. Ongeza yuniti 87 za gari, umefika 147. Gari limepandisha bei ya chai yako ya asubuhi.

Usikubali kuambiwa "kuchaji ni bei rahisi". Chukua ujumbe wa tokeni ya mwisho uliyonunua, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi.

3. HESABU YENYEWE: MAMA KEKI NA JAMAA WA VIATU

Hawa ni wauzaji wa mfano, lakini najua utawatambua.

Mama Keki anaoka Kitengela. Oda zake ziko Nairobi: Westlands, Kilimani, South C, harusi za Jumamosi huko Karen. Keki ya ngazi tatu haipandi boda. Anatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 2,600.

Jamaa wa Viatu anachagua mzigo Gikomba, anapiga picha nyumbani Umoja, anatuma kwa wateja. Wateja wa mbali anawatumia kwa matatu za Sacco. Yeye mwenyewe anatembea kilomita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni 520.

Wote wawili wanachagua kati ya Probox ya petroli na Leaf ya umeme. Tuseme kwenye yadi Leaf imezidi kwa shilingi 600,000. Hizi namba ni za mfano, weka zako pale utakapopata bei.

Petroli: tuseme lita ni 180 na gari linakwenda kilomita 12 kwa lita ukihesabu msongamano wa Mombasa Road. Hiyo ni shilingi 15 kwa kila kilomita.

Umeme: tuseme yuniti ni 30 na gari linakwenda kilomita 6 kwa yuniti ukipima kwenye soketi. Pima kwenye soketi kwa sababu sehemu ya stima hupotea kama joto wakati wa kuchaji, na hiyo pia umeilipia. Ni shilingi 5 kwa kilomita.

Sevisi: la petroli linamwaga oili kila kilomita 5,000. Ukiweka oili, filta na plagi, tuseme 8,000 kila mara. Ni shilingi 1.60 kwa kilomita. La umeme halina hiyo, ingawa matairi, bushi na shokabu zinaisha kama kawaida. Barabara zetu haziulizi gari linatumia nini.

Kwa hivyo kila kilomita unaokoa 10 za mafuta na 1.60 za sevisi. Jumla 11.60.

Mama Keki anaokoa 30,160 kwa mwezi. Jamaa wa Viatu anaokoa 6,032.

Sasa toa bima. Bima kubwa huhesabiwa kwa thamani ya gari. Tuseme asilimia 4. Gari lililozidi kwa 600,000 linaongeza 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Mama Keki amebaki na 28,160. Jamaa amebaki na 4,032.

Halafu kuna fundi wa kuweka waya na soketi ya kuchajia. Tuseme 60,000. Tofauti ya bei sasa ni 660,000.

Gawa.

Mama Keki: 660,000 kwa 28,160 ni miezi 23 na kitu. Chini ya miaka miwili pesa imerudi, na baada ya hapo anakula faida.

Jamaa wa Viatu: 660,000 kwa 4,032 ni miezi 163. Zaidi ya miaka 13. Betri yenyewe haitamngoja.

Na bado hatujaongeza mkopo. Kama ile 660,000 ni ya Sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 6,600. Jamaa anaokoa 4,032. Kila mwezi anarudi nyuma kabla hata hajagusa deni lenyewe. Hapo ndio mtu huanza kulipa mkopo na pesa ya belo, halafu belo ikikosekana wateja wanaenda kwa mwingine. Gari zuri limeegeshwa nje, duka la WhatsApp halina kitu.

Sasa angalia jambo la kuchekesha. Mama Keki anatumia yuniti kama 433 kwa mwezi kuchaji, kwa hivyo anafika ile 200 na anaweza kuomba bei maalum ya stima. Jamaa anatumia 87. Haifikii. Kwa hivyo punguzo la stima pia linampata yule ambaye tayari alikuwa anafaidika, na linampita yule ambaye alilihitaji ili hesabu yake ikae sawa.

Hiyo ndiyo siri ya magari haya. Mashine inakulipa kwa kilomita. Hutembei, haikulipi.

4. MAMBO AMBAYO BROKA HATAJI

Unaishi wapi?

Hesabu ya Mama Keki inasimama kwa sababu anachaji nyumbani usiku. Ukiwa kwa ploti au fleti ya kupanga, anza na landilodi kabla ya yadi. Kuna mita yako mwenyewe? Waya inafika pahali unaegesha? Atakubali fundi atoboe ukuta? Mwaka kesho ukihama, hizo 60,000 zinabaki kwake.

Usipopata pa kuchajia nyumbani utategemea vituo vya kulipia. Tuseme huko yuniti ni 60. Kilomita moja sasa ni shilingi 10. Akiba ya Mama Keki inashuka mpaka 15,160 kwa mwezi, na hata bila gharama ya soketi anahitaji miezi karibu 40 kurudisha 600,000. Bado inawezekana, lakini ni ndoa nyingine kabisa. Na ongeza masaa anayokaa kituoni wakati mteja anapiga simu, "Mama, keki iko wapi?"

Kasi ya kuchaji.

Leaf nyingi za Japani zinachaji nyumbani kwa kilowati 3 hivi. Betri ya kWh 40 ikiwa tupu inachukua zaidi ya masaa 13. Kwa anayetembea kilomita 100 haina shida, atarudisha yuniti 17 kwa masaa sita na atalala. Lakini stima ikipotea usiku wa Ijumaa na harusi ni Jumamosi saa nne, ni lazima uwe na mpango wa pili. Jua kituo kilicho karibu, na ujue kina plagi gani. Leaf inatumia plagi ya CHAdeMO kwa kuchaji haraka. Si kila kituo kinayo. Usiulize kama "wanachaji magari", uliza plagi kwa jina.

Betri ndiyo gari.

Kwa gari la petroli unasikiliza injini. Kwa hili unasoma betri. Leaf ina baa 12 ndogo upande wa kipimo cha chaji, na hizo zinaonyesha afya ya betri, si chaji ya leo. Baa ya kwanza hupotea betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake.

Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, inapozwa na hewa tu. Kwa hivyo joto linaiumiza. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf huko Phoenix, Arizona, walikuwa tayari wanalalamika kwamba baa zinashuka mapema kwa sababu ya joto la jangwani. Wewe uliye Mombasa, Malindi au Lodwar, liweke hilo akilini. Egesha kivulini, na usiache gari limejaa chaji siku nzima juani.

Baa zinaweza kudanganya. Kuna watu wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili zionekane 12 kwa muda. Dawa yake ni mbili. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, weka programu ya LeafSpy kwa simu, usome afya ya betri. Halafu, muhimu zaidi, endesha. Chaji ijae, tembea kilomita 50 kwenye barabara yako ya kawaida, uone asilimia ngapi imeshuka. Betri ya kWh 40 yenye afya ishuke kama 20 hadi 25. Ikishuka 35, rudisha ufunguo na useme asante.

Jihadhari na "bei ya kutupa".

Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo Leaf zinazoagizwa sasa ni za kizazi cha pili, zenye betri ya kWh 40 au 62. Zile za kwanza za kWh 24 unazoziona zikiuzwa bei ya chini mitandaoni ziliingia zamani. Hata zikiwa mpya zilikuwa hazifiki kilomita 140 kwa chaji moja. Leo, na betri imechoka, unaweza kupata nusu yake. Kwa mtu wa kilomita 30 kwa siku inaweza kufaa. Kwa Mama Keki ni kumtafutia aibu katikati ya Uhuru Highway.

Bima ya kazi gani?

Ukikatia gari bima ya matumizi binafsi halafu unasambaza mizigo ya biashara kutwa nzima, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Mwambie ajenti ukweli: nabeba bidhaa zangu mwenyewe. Pia uliza wazi kama betri imo kwenye bima, na ikigongwa upande wa chini nani anatengeneza. Si kila gereji inashika gari la umeme.

5. KWA JAMAA WA VIATU: GARI SI LAZIMA

Unaweza kufikiri hesabu imemkataa Jamaa wa Viatu kabisa. Haijamkataa. Imemwambia tu gari si lake kwa sasa.

Kwa pikipiki serikali ilitoa mkono zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka pikipiki za umeme kwenye VAT ya sifuri na ikaziondolea eksaizi ya karibu shilingi 13,000 ambayo pikipiki nyingine iliyoagizwa hulipa. Kwa bei ya pikipiki, hiyo ni sehemu kubwa kuliko lile punguzo la gari. Kabla ya kununua hakikisha sheria ya mwaka huo bado inasema hivyo.

Na kuna mtindo wa kubadilisha betri. Unanunua pikipiki bila betri, unafika kituo, unaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa, unalipa kwa M-Pesa. Roam, Ampersand, Spiro na ARC Ride zote zimefanya biashara ya pikipiki za umeme Nairobi. Faida yake kwa mtu mdogo ni kwamba betri ikichoka, ni ya kampuni, si yako. Hasara yake ni kwamba umefungwa kwa vituo vya kampuni hiyo. Ukiishi mahali hawana kituo, una mapambo. Kigali wameenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara ikisajiliwa huko lazima iwe ya umeme. Vituo vinafuata pikipiki, na pikipiki zinafuata vituo. Kwa hivyo angalia mtaa wako kwanza.

Lakini hata pikipiki isikupande kichwa haraka. Kilomita 20 kwa siku unaweza kumpa mtu wa boda unayemwamini na mteja akalipia dilivari. Ile 660,000 ikabaki kwenye stoki. Jiulize swali la mfanyabiashara: pesa hii ikiwa kwenye viatu, kwa mwezi inazaa ngapi? Kama inazaa zaidi ya 4,032, na natumaini inazaa, basi unajua pahali pake.

6. KABLA YA KUTOA PESA: FANYA HAYA NANE

1. Andika kilomita zako kwa wiki mbili. Usikisie. Soma mita ya gari asubuhi na jioni, au tumia ramani ya simu kwa kila dilivari.

2. Tafuta gharama ya petroli kwa kilomita: bei ya lita gawa kwa kilomita unazopata kwa lita. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14, tumia ya mwezi huu.

3. Tafuta gharama ya umeme kwa kilomita: bei yako halisi ya yuniti gawa kwa 6. Kama utachaji vituoni, tumia bei ya kituo.

4. Tofauti ya hizo mbili, ongeza sevisi, zidisha kwa kilomita za mwezi. Toa nyongeza ya bima. Hiyo ndiyo akiba yako.

5. Chukua tofauti ya bei ya magari mawili, ongeza soketi na fundi. Gawa kwa akiba. Ikizidi miezi 48, simama. Ikiwa chini ya 30, endelea kuangalia.

6. Kama ni mkopo, linganisha akiba na riba ya mwezi wa kwanza. Riba ikiwa kubwa kuliko akiba, usiguse.

7. Pima betri kwa LeafSpy na kwa kuendesha kilomita 50. Mwenye gari akikataa, amekujibu.

8. Piga hesabu mara ya pili bila punguzo lolote la serikali: bila bei maalum ya stima, bila unafuu wowote wa kodi. Kama bado inakaa sawa, hiyo ni biashara. Kama inasimama tu kwa sababu ya punguzo, basi umejenga nyumba kwa mbao za jirani. Siku akizihitaji atazing'oa.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza swali. Ndugu yangu, hukutuambia unatembea kilomita ngapi kwa siku. Ukitembea 100 na una pahali pa kuchaji usiku, peleka LeafSpy kwa hiyo yadi kesho asubuhi. Ukitembea 20, mwambie broka asante, na pesa ya Sacco ikitoka ipeleke Gikomba kabla ya saa kumi na mbili, mzigo ukiwa bado mzuri.

Hifadhi hesabu hii. Na kama kuna muuzaji mwenzako ambaye ameshaanza kulipa deposti, mtumie leo. Kesho anaweza kuwa amechelewa.